Barua za Wasomaji: Ukiamka Ndani ya Gemu la Mapenzi

Mwezi huu meza imejaa barua za aina moja: riwaya za mapenzi ambamo msichana analala chumbani kwake na kuamkia ndani ya gemu alilokuwa akilicheza kwenye simu. Wengi wenu hamtaki tena kuzisoma tu, mmeanza kuziandika. Barua zilizofanana tumeziunganisha kuwa moja.

Shikamooni wahariri. Mwandishi mmoja anasema mhusika "amehamishwa", mwingine "amezaliwa upya", mwingine "ameingia mwili wa mtu". Si yote mamoja? — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Si mamoja, na ukiyachanganya hadithi huanza kuvuja tangu sehemu ya kwanza.

Wajapani wana *ten'i*, yaani kuhama mzima mzima, na mwili wako, kanga uliyojifunga na simu iliyobakiza chaji asilimia kumi. Na wana *tensei*, kufa na kuzaliwa upya huko. Wakorea wana *hwansaeng*, ambayo ni kuzaliwa upya, *hoegwi*, kurudi nyuma katika maisha yako mwenyewe, na *bing-ui*. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi, maana ni neno lao la kawaida la kupagawa. Kwetu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Katika riwaya hizi, msichana wa kwenye simu ndiye pepo, na binti wa gemu ndiye kiti.

Kila njia ina deni lake. Aliyehama hana ukoo wala jina, na hana sababu ya kuelewa maandishi ya huko, kwa hiyo sehemu kumi za mwanzo zitakwenda kwenye kutafuta pa kulala na wa kumdhamini. Aliyezaliwa upya ana baba na mama, lakini lazima uamue kumbukumbu zinamrudia lini na kwa tukio gani. Homa na kuanguka vimetumika mpaka vimechakaa. Aliyerudi nyuma anayajua mambo kwa kuyaishi, si kwa kuyacheza, kwa hiyo usimwongeze juu ya gemu bila sababu nzito. Aliyeingia mwili ndiye anayefaa mapenzi kuliko wote, kwa kuwa mwili anaoukuta una uchumba, maadui na madeni tayari.

Ila swali moja halikwepeki: mwenye mwili kaenda wapi? Lijibu kwenye daftari lako kabla ya kuanza, hata kama msomaji atalijua katika sehemu ya 40. Usipolijibu kabisa, mhusika wako anabaki mtu aliyeingia nyumba ya mwenziwe, akavaa nguo zake na kukaa na mchumba wake, nasi tunaombwa tumpigie makofi.

Nimeandika sehemu 12. Shujaa wangu alimaliza gemu lote kabla ya kuingizwa ndani, kwa hiyo anajua nani mbaya, nani mwema, sumu iko wapi. Wasomaji wangu wa WhatsApp wananiambia inaboa. Kosa langu liko wapi? — Dada wa Tanga

Kosa ni kwamba ujuzi wa gemu umeufanya mali isiyokwisha. Katika aina hii ya riwaya, kujua ni akiba kama ya unga kwenye pipa. Kila anapochota lazima ipungue, na msomaji aone inavyopungua.

Chukua karatasi, uigawe safu tatu: anachokijua, asichokijua, na anachokijua vibaya. Kumbuka mchezaji huona tu kile skrini ilichomwonyesha, tena kwa macho ya shujaa wa gemu, yaani binti ambaye mchezaji humwongoza. Milango iliyofungwa hakuiingia. Mazungumzo marefu aliyaruka, kama sote tunavyoyaruka. Kati ya njia tano, kila mchumba na hadithi yake, huenda alicheza tatu. Hiyo ndiyo safu ya pili, na waandishi wengi huijaza vizuri.

Safu ya tatu ndiyo yenye utamu, na ndiyo inayoachwa wazi. Mfano. Kwenye gemu yupo mkuu wa mji asiyetabasamu hata mara moja. Mchezaji amemwandika: baridi, mkali, hatari. Sasa msichana wako amekaa naye meza moja. Anamwona akitafuna upande wa kushoto tu. Mkono unaenda mfukoni, unatoka na kichupa kidogo, mgongo unageuzwa, na mezani inabaki harufu ya mafuta ya karafuu. Gego linamuuma. Skrini haina harufu, kwa hiyo saa 60 za kucheza hazikumwambia jambo ambalo mtumishi wa jikoni analijua tangu mwaka jana. Jambo dogo hilo linafanya kazi mbili: linavunja imani yake kwamba anamjua mtu huyu, na linampa sababu ya kumtazama tena. Mapenzi ya riwaya hizi huanzia hapo, kwenye kitu ambacho gemu halikukiweka.

Halafu chora mstari wa matukio. Saba yanatosha. Yaandike kama yalivyokuwa kwenye gemu, na chini ya kila moja uandike linategemea nini. Tuseme tukio la kwanza ni uchumba, la tatu ni shujaa wa gemu kusukumwa kwenye ngazi na mwenye mwili, la tano ni kesi ya sumu. Msichana wako akikataa uchumba, tukio la tatu halina tena sababu ya wivu, na la tano halina mshitakiwa. Sasa, sumu ilikuwa ya nani? Kama kuna aliyekuwa akiinunua tangu mwanzo, bado anayo, ila atamwekea mtu mwingine, siku ambayo hakuna aliyeiona kwenye skrini. Waandishi wengi humwacha mhusika abadilishe tukio la kwanza kisha la tano likaja vilevile, saa ileile, chakula kilekile. Msomaji hakwambii, anaacha kufungua ujumbe wako.

Kwa riwaya ya sehemu 60, sisi tungeacha ujuzi ufanye kazi vizuri mpaka ya 20, uanze kumdanganya kati ya 21 na 35, na baada ya hapo uwe hauna thamani kabisa. Wewe uko ya 12, kwa hiyo hujachelewa. Usifute kitu. Andika ya 13 ambayo anatembea kwa uhakika kwenda kumwokoa mtu, anafika mapema kama alivyopanga, na anamkuta mtu huyo yuko salama, anashangaa tu kwa nini binti huyu ameijua njia ya nyuma ya nyumba yake.

Namba zinazoelea juu ya kichwa cha mwanamume, "mapenzi asilimia 12", ni lazima? Na zikiwepo napangaje hesabu yake? — Msomaji, Kisumu

Si lazima. Kwenye magemu mengi ya aina hii namba hizo huwa zimefichwa, mchezaji anakisia kwa uso na sauti. Lakini ukiziweka, ziwe hesabu kweli, maana wapo wasomaji wanaohesabu.

Mpango mmoja unaofanya kazi: wachumba wanne wa wazi na mmoja aliyefichwa, anayejitokeza tu ukishamaliza njia za wengine. Mwanzo ni njia ya pamoja, ambapo wote wanaonekana, na ndani yake kuna nafasi 15 za kuchagua. Kila chaguo humpa mchumba mmoja pointi 3, au 1, au 0, au humpunguzia 2. Kiingilio cha njia ya mtu mmoja ni pointi 30, na juu kabisa ni 45. Sasa msichana anayetaka kuwafurahisha wawili kwa usawa: nafasi nane kwa huyu ni 24, saba kwa yule ni 21. Wote wawili wako chini ya 30. Mshika mbili, moja humponyoka, na hapa zimemponyoka zote mbili, akaangukia mwisho mbaya. Hiyo ndiyo sababu ya kihesabu kwa nini kuwachekea wote hakumwokoi mhusika, na ukiionyesha mapema msomaji atashika roho kila anapofungua mdomo.

Zinapoharibika ni pale namba inapofanya kazi ya mwandishi. "Mapenzi yalipanda hadi 48" haitoi moyo wowote. Namba iwe na faida pale inapopingana na tunachokiona. Mwanamume ameinama, amesema asante kwa sauti laini, amembusu mkono, na juu ya kichwa chake 31 imekuwa 29. Watu wote ukumbini wanatabasamu, ni yeye peke yake aliyeiona. Hapo namba imesema jambo ambalo maneno yangelificha.

Na mapema au baadaye namba lazima izimike. Usiifanye izimike kwa sababu mapenzi yamefika 100, hilo linaonekana linakuja tangu mbali. Izime wakati anaihitaji sana, kwa mfano usiku ambao mchumba anamwomba amwamini bila kumwambia kwa nini.

Kila riwaya ina binti mbaya anayeaibishwa ukumbini mbele ya watu na uchumba wake kuvunjwa. Magemu yenyewe yana hayo? — Msomaji, Arusha

Kwa nadra sana, na wapenzi wa magemu ya Kijapani hulisema hili wakicheka. Gemu linalohesabiwa la kwanza la aina hii, Angelique, lilitolewa na kampuni ya Koei mwaka 1994 kwa mashine ya Super Famicom, kazi ya timu iliyoitwa Ruby Party. Humo wasichana wawili wanashindania kiti cha malkia wa ulimwengu, wakisaidiwa na walinzi tisa. Mpinzani, Rosalia, ni binti wa ukoo mkubwa mwenye maringo yake, lakini si mwovu, na unaweza kuelewana naye. Jambo la kukumbuka ni jingine: ukimchagua mmoja wa walinzi, kiti unakiacha. Mapenzi yana bei tangu siku ya kwanza.

Binti mwovu wa ukumbini, *akuyaku reijo* kwa Kijapani, amekuzwa zaidi na waandishi wa riwaya za mtandaoni, hasa kwenye jukwaa la Shosetsuka ni Naro lililoanza mwaka 2004. Wamebuni gemu ambalo halikuwepo ili wapate mtu wa kumwonea huruma. Ni ubunifu mzuri, hatuubezi. Ila usiandike "kama ilivyo kwenye magemu yote", kuna atakayekusahihisha.

Naweza kuliweka gemu langu Pwani badala ya majumba ya kifalme ya kizungu? Nimejaribu lakini ile sehemu ya kuvunja uchumba ukumbini inakataa kukaa. — Mama wawili, Mombasa

Inakataa kwa sababu umeleta tukio bila kuleta desturi yake. Ukumbi ule una maana mahali ambapo mwana wa mfalme amechumbiwa kwa mkataba wa koo mbili na vijana wote wa kikabaila wanasoma shule moja. Kwetu posa haikwenda hivyo. Barua ilipelekwa na mshenga, wazee wakaijibu, mahari ikatajwa, kukawa na mkaja wa mama na kilemba cha baba. Kijana anayesimama mbele ya wageni kutangaza kwamba amemwacha mchumba, anawavua nguo wazazi wake kabla ya kumwaibisha binti. Wajomba wangemketisha chini kabla hajamaliza sentensi.

Usilazimishe. Tafuta tukio la kwetu lenye uzito huohuo. Mshenga anarudi alasiri, peke yake. Kawaida angeingia akicheka na kuitisha maji ya kunywa. Leo anakaa barazani, viatu havivui, na kile kifurushi kilichotoka nyumba hii miezi mitatu iliyopita anakiweka kwenye jamvi bila kukisukuma mbele. Mama anakiangalia. Kitambaa ni kilekile, fundo si lake. Hakuna aliyepaza sauti, na mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Binti wako, ambaye kwenye gemu alikuwa amebonyeza "endelea" hapo kwa sekunde mbili, sasa anakaa na mama yule mpaka usiku.

Gemu la Pwani linakupa na vifaa ambavyo jumba la kizungu halina. Somo, anayemfunda mwari, anajua siri za nyumba zote. Huyo ni mwongozo wa gemu mwenye miguu. Kanga hubeba jina, kwa hiyo chaguo la mchezaji si lazima liwe sentensi kwenye skrini, linaweza kuwa kanga gani avae aendapo nyumba ya mpinzani. Na saa zako ziwe za Kiswahili. Tumeona rasimu ambazo dola ya kale ya Pwani inakula chakula cha mchana "saa 12:30".

Shujaa wangu alikuwa na miaka 28 duniani, ameamka mwilini mwa binti wa miaka 15, na mchumba ana 16. Kuna ubaya? — Hakutaja mji

Upo, na tungekushauri uubadilishe kabla hujaendelea. Akili ya mtu mzima ndani ya mwili wa mtoto, halafu mapenzi, haikubaliki kwa upande wowote unaoitazama. Shule ya vijana ibadilishe iwe chuo cha mabaharia, baraza la wakuu, au ofisi ya hazina, na kila anayehusika na mapenzi awe amevuka miaka 20. Ukihitaji utoto kwa ajili ya siasa za ukoo, uandike bila mapenzi, kisha ruka miaka. Hakuna tukio hata moja la maana utakalopoteza. Kesi ya sumu haijali umri.

Sehemu moja iwe ndefu kiasi gani? Nimesoma kwamba Wakorea wanaandika herufi 5,000. — Kijana, Bujumbura

Ndiyo, sehemu ya kawaida kwenye majukwaa yao ni karibu herufi 5,000 pamoja na nafasi, na imezoeleka kuuzwa kwa won 100. Lakini usinakili idadi hiyo. Herufi yao moja hubeba silabi nzima. Neno "mapenzi" kwetu ni herufi saba, na silabi tatu tu. Ukisimama kwenye herufi 5,000 za Kiswahili utakuwa na maneno kama 700, na tukio litakatika likiwa bado linavua kofia.

Lenga maneno 900 hadi 1,200. Tukio moja, badiliko moja. Kwa wanaosambaza kwa WhatsApp, ujumbe mrefu hukatwa na kuandikwa "soma zaidi", kwa hiyo mistari ya juu usiipoteze kwa salamu, namba ya sehemu, onyo la kunakili na maua manne. Namba ya sehemu iweke, kisha sentensi ya kwanza iwe tayari ndani ya chumba.

Kukata mwisho: kata baada ya mhusika kujua, kabla hajafanya. Ukikata kabla hajajua ("alipofungua mlango, hakuamini macho yake") utawashika mara tatu. Ya nne watasubiri zikusanyike kumi ndipo wasome. Ukikata akiwa ameshajua kwamba fundo la kile kifurushi limefungwa na mkono wa dada yake, na dada anapanda ngazi na sinia ya chai, watu watalala na hilo.

Mwisho arudi nyumbani au abaki? — Wengi mmeuliza

Vyote viwili vimeandikwa vizuri na vyote viwili vimeandikwa vibaya. Tatizo huwa ni kuamua ukiwa sehemu ya 55, wakati mama yake wa duniani hajatajwa tangu ya 2. Kama atarudi, au kama atabaki na ikaumiza, nyumbani kule lazima kuwe na uzito: mtu mmoja, kitu kimoja alichokiacha nusu, na kitajwe walau kila baada ya sehemu nane. Kama hakuna anachokikosa, usimpe mlango wa kurudi kabisa. Mlango ambao hakuna anayetaka kuupita unakula kurasa tu.

Andika kurasa mbili za mwisho sasa hivi, kabla ya sehemu ya kwanza, uzifungie kwenye droo. Ukifika ya 50 zitoe uzisome. Kama bado binti anaondoka bila kugeuka nyuma, rudi ukaandike upya ya 30 hadi 45, maana huko ndiko mwanamume wako aliposahaulika.